Mahali Alipozaliwa Baba

"Mahali alipozaliwa baba?"

Kijana wa steshenari aliuliza bila kuinua uso, vidole vikisubiri juu ya kibodi. Mbele yangu kwenye foleni alikaa baba mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Fomu yake ya kitambulisho ilikuwa imeshajazwa nusu: majina yake, jina la mama, alikozaliwa mama, kata, kijiji. Alitazama nje, kwenye mwarobaini wanakojikinga jua vijana wa bodaboda.

"Andika Kambini."

"Kambini ipi, mzee?"

"Hii ya kwetu. Ya wapigania uhuru."

"Ndiko alikozaliwa baba yako?"

"Ndiko alikoonekana."

Kijana alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akanyamaza. Akaeleza kwa upole kwamba pale panatakiwa mkoa na wilaya, na kama ni nje, basi nchi. Yule baba akasema iache kwanza, nitarudi. Akavaa kofia yake akatoka.

Mimi nilikuwa nimeshika cheti cha kifo cha mama yangu mkubwa, nataka kopi sita. Nikazipata, nikalipa, nikarudi msibani.

Hayo yalitokea Kongwa, mkoani Dodoma, siku ya kuanua tanga. Kwa wiki tano baada ya hapo nimekuwa nikiamka usiku nikiwa na fomu ya mtu mwingine kichwani.

Alama moja

Ninafundisha historia sekondari, mwaka wa kumi na moja huu. Swali la mchango wa Tanzania katika ukombozi wa kusini mwa Afrika nalijua kama njia ya kwenda nyumbani. Mwanafunzi anaanza na OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuunda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963, makao yake Dar es Salaam. Anataja misaada ya fedha, anataja redio, anataja hotuba za Umoja wa Mataifa. Kisha anafika kwenye kambi: Kongwa, Nachingwea, Mazimbu, Dakawa.

Ukitaja kambi moja nakupa alama moja. Ukizitaja zote nne, alama ni ile ile moja.

Kwa hiyo Kongwa, kwenye kalamu yangu nyekundu, ni robo ya alama.

Na mama yangu amezaliwa Kongwa. Nimekwenda huko likizo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nimekula mlenda wa huko, nimefukuzwa na mbuzi wa huko, nimepita karibu na yale majengo ya zamani mara ngapi sijui, na sijawahi hata siku moja kumuuliza mtu yeyote wa ukoo wangu: ninyi mlikuwa wapi wakati ule?

Nilidhani nalijua jibu. Mwalimu wa historia ana ugonjwa huo.

Kwanza ilikuwa karanga

Huwezi kuielewa kambi bila kuijua karanga, kwa sababu kambi iliingia kwenye viatu vya karanga.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, nchi ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kwamba Tanganyika italima karanga kwa mashine. Mpango wenyewe ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu ndogo ikiwa Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), iliyobaki huku kwetu. Mwaka 1947 wakaanzia Kongwa. Walileta matrekta kutoka kila mahali, yakiwemo mengine yaliyotengenezwa kwa vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Njia ya reli ikachepushwa kutoka Msagali hadi Kongwa. Zikajengwa nyumba, karakana, hospitali, shule ya watoto wa Kizungu.

Udongo wa Ugogo ukawasubiri. Mvua ikinyesha unanata, jua likiwaka unageuka saruji, na ndani yake una chembe za mawe zinazokula vyuma. Vichaka vilivunja majembe. Mibuyu haikutaka kung'oka. Mwaka wa kwanza walifyeka chini ya sehemu moja ya kumi ya eneo walilojiwekea. Mvua nazo zikafanya kama zinavyofanya siku zote Ugogo, kuja zikitaka na kutokuja zikitaka. Mwaka 1951 mradi ukatangazwa kufa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimeyeyuka.

Waingereza wenyewe wameufanya kichekesho mpaka leo. Mimi nacheka nao kiasi, maana najua wazee waliozaliwa pale ambao familia zao ziliondolewa kwenye ardhi yao ili kichekesho hicho kipate nafasi.

Walipoondoka waliacha majengo. Shule ya Wazungu iliendelea hadi 1958, kisha wanafunzi wakahamishiwa Iringa, kwenye shule mpya ambayo sisi tunaijua kama Mkwawa. Sehemu ya mashamba ikawa ranchi ya ng'ombe, na ng'ombe wapo hadi leo. Stesheni ikabaki stesheni isiyo na treni.

Halafu ikaja 1964. Wapiganaji walihitaji mahali pa kukaa: mbali na Dar es Salaam, mbali na mpaka, pana majengo na pana maji kidogo. Serikali ikaangalia ramani yake ikaona Kongwa, majengo yamekaa bure kandokando ya kijiji. FRELIMO wa Msumbiji walitangulia, na huyo aliyepewa kambi yao aiongoze alikuwa kijana muuguzi aliyetoka mafunzoni Algeria, Samora Machel. Wakafuata SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, ZAPU wa Zimbabwe, na MPLA wa Angola. Kila chama na eneo lake, kila chama na jiko lake, na juu ya wote maofisa wa Tanzania.

Nachingwea nayo ni hadithi hiyo hiyo. Kambi kubwa ya FRELIMO kule iliitwa Shamba Namba 17, na hiyo namba waliihesabu watu wa karanga.

Nani alituuliza

Siku ile ile nilikaa jikoni na bibi yetu mdogo, mdogo wake wa mwisho bibi mzaa mama. Ana miaka themanini na kitu, macho yamechoka, masikio mazima. Alikuwa anachambua majani ya mlenda kwenye ungo kwa vidole tu, bila kutazama.

Nilimsimulia ya steshenari. Alimjua yule baba papo hapo, akamtaja mama yake na ukoo wake.

"Huyo ni mtoto wa Kambini. Wako wengi."

Ndipo nikauliza swali langu la kisomi. Sikulipanga, lilitoka lenyewe, na lilikuwa na harufu ya chaki. Nikamuuliza: bibi, ninyi watu wa Kongwa mlikubali vipi kuwapokea wageni wengi namna ile, na silaha zao, na lugha zao, katika miaka ambayo ninyi wenyewe chakula kilikuwa cha shida?

Aliacha kuchambua.

"Nani alituuliza?"

Akacheka, kicheko kirefu cha kweli, mpaka wajukuu waliokuwa wanamenya viazi wakageuka. Kisha akarudia kuchambua majani yake kana kwamba nimeuliza saa.

Sina hakika kama nimewahi kusahihishwa kwa maneno machache kiasi kile. Kwa miaka kumi na moja nimeandika ubaoni kwamba "Watanzania walijitolea". Nimelisema neno hilo kwa fahari, na bado ninayo fahari hiyo, siitupi. Lakini kujitolea ni kutoa ulichoulizwa kama utakitoa. Bibi alikuwa na umri wa miaka saba hivi matrekta yalipofika: hakuna aliyemuuliza baba yake. Alikuwa msichana mkubwa kambi ilipofika: hakuna aliyemuuliza yeye. Na mwaka 1971 ilipokuja Operesheni Dodoma, watu wakaambiwa wabomoe tembe zao wakajenge kwenye mstari, kijiji cha ujamaa. Hapo napo, alisema bibi, lori lilikuja asubuhi.

Mara tatu kwa umri wa mtu mmoja.

Jambo lililoninyima usingizi ni hili: kati ya hayo matatu, mimi nimezoea kulicheka la kwanza, kulisifu la pili na kulibishania la tatu. Ukiwa umekaa jikoni kwa bibi, yote matatu yanaingia kwa mlango mmoja na yanapiga hodi namna moja. Yaani hayapigi.

Nikaanza kujiuliza kama jambo jema linaweza kufanywa kwa njia ile ile ya jambo baya na likabaki jema. Nadhani linaweza. Ila nadhani pia kuna mtu anadaiwa shukrani ambayo haijafika, na imekwama mahali fulani kati ya Dar es Salaam na Mbande, njia panda ya kuingilia Kongwa.

Vita vya kusubiri

Niliporudi mjini nilifanya kile anachofanya mwalimu akikosa usingizi: nilisoma.

Nilitegemea kusoma habari za mafunzo na mapambano. Nilichokutana nacho zaidi katika simulizi za wapiganaji wenyewe ni kuchoka kwa kusubiri. Vijana wamekimbia kwao, wengine wamepita Algeria, Misri, China, Umoja wa Kisovieti, wamejifunza mabomu na ramani, halafu wanafika Ugogo na kuambiwa wasubiri. Kati ya Kongwa na Afrika Kusini kulikuwa na Rhodesia ya walowezi, Msumbiji ya Wareno, na mito. Njia haikuwepo. Wanaamka, wanakimbia mchakamchaka, wanalima bustani, wanakaa darasa la siasa, wanalala. Kesho hivyo hivyo. Mwaka unakwisha.

Serikali yetu nayo ilikuwa na hofu zake. Januari 1964 jeshi letu lenyewe lilikuwa limeasi. Nchi iliyotoka kupigishwa magoti na askari wake haiwezi kuwaacha askari wa wengine watembee na bunduki wanavyotaka, na sidhani kama tunaweza kuilaumu kwa hilo.

Si wote waliosubiri kwa utulivu. Kuna kundi la vijana wa ANC lililochukua lori likaenda hadi Morogoro kwa viongozi kudai wapelekwe nyumbani kupigana. Mwaka 1968 wapiganaji wa SWAPO waliorudi kutoka China waliwahoji wakubwa wao, wakaishia kuwekwa ndani hapa hapa nchini. Chris Hani, mpiganaji wa ANC, aliishi Kongwa kabla ya kuvuka Zambezi na kikosi cha Luthuli mwaka 1967 kwenda Wankie, Rhodesia, na malalamiko aliyoyaandika yeye na wenzake baada ya kurudi ndiyo yaliyochangia kuitishwa kwa mkutano wa ANC wa Morogoro wa Aprili 1969. Wale wa SWAPO walioanzisha vita Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, tarehe 26 Agosti 1966, wa kwanza wao walikuwa wametokea Kongwa mwaka uliotangulia, wengine wakitembea sehemu kubwa ya safari kwa miguu.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta darasani. Sasa niliyasoma nikiwa natafuta kitu kingine pembezoni mwa kurasa: kijiji. Na kijiji kilikuwepo, kila mara katika sentensi moja moja. Wanakijiji walinunua mablanketi na mashati kutoka kambini. Wapiganaji walikwenda kijijini kutafuta pombe. Kulitokea ugomvi. Kulikuwa na wanawake.

Kulikuwa na wanawake, nukta. Aya mpya.

Bibi ananikemea

Kufikia wiki ya nne nilikuwa nimeshaiandika makala hii kichwani, na ilikuwa makala ya huzuni. Kijiji kilichonyang'anywa ardhi na Mwingereza, kikafanywa kambi na serikali, mabinti wake wakapewa mimba na wapita njia, historia ikawasahau. Ilikuwa na mtiririko mzuri. Nilikuwa nimeshapata hata kichwa cha habari.

Arobaini ilipofika nikarudi Kongwa, nikamsomea bibi vipande vyake.

Hakunisifu.

"Mbona umetufanya masikini wa kuhurumiwa?"

Nikajitetea. Akaniinulia kiganja, ishara ya nyamaza, niliyoijua tangu utotoni.

Akaanza kuhesabu. Alisema yeye na marehemu dada yake, yaani bibi mzaa mama, walikuwa wanapika pombe ya mtama na kuuza, na hela ya kambi ndiyo iliyonunua mbuzi wa kwanza wa marehemu, na hao mbuzi ndio waliomsomesha mama yangu. Kwa hiyo na mimi. (Hapo nilikohoa.) Alisema wale vijana walikuja na mpira wa miguu, kila chama na timu yake, na Jumapili watu walitoka vijiji vya mbali kuja kutazama. Walikuwa wanaimba usiku kwa sauti za kugawana, nzito chini na nyembamba juu, na huku kijijini watu walikaa nje kuwasikiliza, mpaka ngoma za muheme zikaanza kuwajibu. Walijifunza Kiswahili cha Kigogo, wakakiharibu, na kijiji kikawatania kwa hicho Kiswahili. Mmoja alizoea kumsalimia kila mtu "mbukwenyi", hata mbuzi.

"Na wanawake?" nikauliza.

"Wanawake wamefanya nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akanisaidia.

"Wengine walipenda. Wengine walidanganywa. Wengine walidanganya wao. Kuna mmoja alikuwa na wawili, wa SWAPO na wa ANC, na kila mmoja alileta sukari. Wewe ukiandika andika wote."

Nimeandika wote.

Lakini hakuishia hapo, na hili sitaki kulipamba. Alisema kuna usiku vijana wa kambi walipigana na vijana wa kijiji kwa sababu ya pombe, na kuna mtu alibaki na jicho moja. Alisema kuna binti aliyefukuzwa kwao na mimba, akaenda Dodoma mjini, hakurudi. Alipofika hapo hakucheka. Alitazama mikono yake kwa muda, kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Ile makala ya huzuni nikaifuta yote kasoro mistari michache. Siwezi kusema nilipata makala ya furaha badala yake. Nilibaki na jikoni kwa bibi tu, ambako mambo hayajapangwa kwa vichwa vidogo kama ninavyoyapanga mimi hapa.

Jina la vita

Siku iliyofuata arobaini nilikwenda kumsalimia yule baba wa steshenari. Bibi alinituma na mjukuu anionyeshe njia, na unga kilo mbili, maana huendi kwa mtu mikono mitupu ukiwa na maswali. Alinikaribisha kivulini, mkewe akaleta maji, na nilipomwambia nilikuwa nyuma yake kwenye foleni siku ile akatikisa kichwa, akasema alidhani nitakuwa mtu wa kitambulisho.

Ameniruhusu kuandika, bila jina.

Amezaliwa mwaka 1967. Baba yake alikuwa wa ANC. Mama yake alimsimulia kwamba alikuwa mtu mfupi, mcheshi, fundi wa kushona viatu, aliyempa mtoto jina lake na kumwambia mama asilibadilishe. Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC waliondolewa Tanzania, wakapelekwa kwa ndege Umoja wa Kisovieti. Mama aliambiwa ni mafunzo. Mtoto alikuwa na miaka miwili.

Shuleni alisoma kwa jina hilo. Ubatizo kwa jina hilo. Ndoa kwa jina hilo, na watoto wake wanne wanalibeba, na wajukuu.

Afrika Kusini ilipopiga kura Aprili 1994 mama yake alikaa karibu na redio siku nzima. Alidhani sasa atakuja. Miaka ilipita. Baadaye walianza kufika wageni kutoka kusini, kuja kuona kambi na yale makaburi ya wenzao waliofia pale. Siku moja yule baba akapata ujasiri, akamfuata mzee mmoja katika msafara, akamtajia jina la baba yake.

Mzee alimshika bega. Akamwambia, mwanangu, hilo ni jina la vita.

Wapiganaji hawakutumia majina yao. Kila mmoja alipewa au alijichagulia jingine, ili akikamatwa asiwataje wenzake, na ili polisi wa makaburu wasiende kwa wazazi wake. Jina la kweli lilijulikana na wachache. Jina la vita likihitajika tena lilipewa mtu mwingine. Huyo mzee alikumbuka watu wawili waliolibeba. Mmoja alikuwa mrefu.

"Kwa hiyo mimi," aliniambia yule baba, akiwa ametulia kabisa, "natumia jina ambalo mwenyewe hakuwa nalo."

Nilitaka kusema kitu cha maana. Nikanywa maji.

Nimefikiri sana juu ya hilo jina. Kule kwao, kama aliwahi kurudi, yule mtu alilivua kama koti. Hakuna kaburi lenye jina hilo, hakuna daftari la pensheni, hakuna ukoo. Mahali pekee duniani ambako jina hilo lilishuka chini, likaota mizizi, likapata wake na waume na wajukuu, ni Kongwa. Jina lililotungwa ili lisimwelekeze mtu kwa jamaa zake ndilo lililobaki kuwa jamaa.

Nilimuuliza kama anamlaumu baba yake. Alifikiri.

"Namlaumu kwa viatu," akasema. "Alikuwa fundi viatu, na mimi nimekwenda shule peku."

Hapo alicheka, na mkewe aliyekuwa anasikiliza kutoka mlangoni akacheka pia, kwa namna ya mtu aliyeusikia utani huo miaka thelathini.

Kisha akauliza yeye. Alitaka kujua, kwa kuwa mimi ni mwalimu, kama katika vitabu tunavyofundishia kuna mahali pameandikwa habari za watoto wa Kambini. Nilimwambia ukweli. Akasema haidhuru, alikuwa anauliza tu.

Bibi alisema hawakuulizwa kitu. Sasa naona si kweli kabisa. Baada ya karanga, kambi na operesheni, limekuja swali moja, limeandikwa kwenye fomu, lina kisanduku chake, na ni lile ambalo mtoto wa Kambini hawezi kulijibu.

Mwarobaini

Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza yule baba steshenari. Nilimpa mawazo mawili matatu, yote ya kitabuni: aende ustawi wa jamii, aombe barua ya mtendaji, aandike Afrika Kusini maana hilo angalau linajulikana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya watu wa kwao.

Kijana alikuwa yule yule. Alimkumbuka, akaifungua fomu palepale ilipokuwa imeachwa, kile kisanduku bado cheupe.

"Tumefikia wapi, mzee? Mahali alipozaliwa baba."

"Andika Kongwa. Dodoma."

Kijana akanitazama mimi, kana kwamba nina mamlaka yoyote. Nikatazama bodaboda.

"Una hakika?"

"Huyu mwenye jina hili," yule baba akasema, akigusa kioo kwa kidole mahali jina lilipoandikwa, "alizaliwa hapa hapa. Mwingine simjui."

Kijana akaandika. Akabonyeza. Mshale ukaruka kwenye kisanduku kinachofuata, akakisoma kwa sauti kama alivyovisoma vingine vyote.

"Uraia wa baba?"